Jinsi ya kushangaa kwa Kijapani, anza na "masaka"

Ukiwa mtu wa anime, zile katuni za Kijapani, hili neno ushalisikia mpaka umechoka. Jamaa anafungua mlango anamkuta adui yake aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe kakaa anakunywa chai, macho yanamtoka, sauti inashuka: masaka... Maandishi ya chini yanasema "haiwezekani" basi, tukio linaendelea. Sasa mtu anabeba masaka yake anaenda kuimwaga kila mahali, kaambiwa kesho kuna mvua, masaka! kaambiwa mayai yamepanda bei, masaka! na Mjapani anabaki anamwangalia tu. Neno liko sawa, matamshi pengine yako sawa, ila habari yenyewe haikustahili mshangao wa uzito ule.

Kwahiyo tujifunze masaka vizuri kwanza, afu tupite kwa ndugu zake, maana Wajapani wana maneno kibao ya kushangaa na ukilijua moja tu utalitumia vibaya kwasababu huna lingine.

Tuanze na mdomo. Hapa Mswahili ana bahati yake, Kijapani kina vokali tano a e i o u zinazokaribiana sana na zetu, na silabi karibu zote zinaishia na vokali, so unasoma kama ilivyoandikwa. Shida iko kwenye mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema ma-SA-ka, kama ule mji wa Masaka kule Uganda. Wao sauti inaanza juu kwenye MA afu inashuka na kubaki chini: MA-sa-ka. Na sio kwamba unapiga kelele kwenye hiyo MA, hapana, unapandisha sauti kidogo kama unaimba, nguvu inabaki ileile na kila silabi inachukua muda sawa na mwenzake. Jirekodi kwenye simu useme mara kadhaa afu sikiliza, utajisikia mwenyewe unavyorudi Uganda.

Maana sasa. Masaka inabeba kitu hiki: jambo ambalo kichwani mwangu halikuwa na nafasi kabisa. Sio habari mpya tu, ni habari ambayo ulikuwa umeshaifungia mlango. Ndo maana mvua ya kesho haifai, mvua inanyesha kila mwaka bana. Inatumika hivi.

Ya kwanza ni kukana. Mtu anakuuliza kitu ambacho kwako ni kichekesho:

– Kekkon shiteru no? (Umeoa?)
– Masaka!

Hapo masaka yako ni sawa na "wapi!" au "thubutu!" ya kwetu. Hushangai sana, unakataa kwa nguvu. Watu wengi wanaojifunza kwa anime hii hawaijui kabisa, wanadhani ni neno la kutoa macho tu.

Ya pili ni ya hofu, na kwangu mimi hii ndo tamu kuliko zote. Mmefika mlangoni usiku, mwenzako anapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, anageuza begi, kimya kinaingia. Unamwambia: masaka, kagi o wasureta? Yani usiniambie umesahau funguo. Jibu unalijua tayari ila moyo hautaki kulipokea. Ukitaka kuivuta zaidi unasema masaka wasureta n ja nai deshoo ne, isije ikawa umesahau wewe. Hiyo "masaka ... ja nai deshoo ne" ishike kama ilivyo, ni fremu unaweza kuchomeka vitu vingi katikati.

Ya tatu ni ya baada ya jambo kutokea, "masaka ... to wa omowanakatta", sikudhani hata kidogo kama... Mfano mzuri ni mpira. Tarehe 23 Novemba 2022 kule Qatar kombe la dunia, Ujerumani walikuwa wanaongoza kwa penati ya Gündoğan, dakika ya 75 Doan akasawazisha, dakika ya 83 Asano akafunga kutoka pembe finyu ambayo ukiitazama mpaka leo unajiuliza mpira umepita wapi, Japani wakashinda 2–1, na hao wafungaji wote wawili walitokea benchi na wote walikuwa wanacheza ligi hiyohiyo ya Ujerumani. Mjapani anayesimulia siku hiyo anasema: Masaka Doitsu ni katsu to wa omowanakatta. Sikudhani kama tungemfunga Mjerumani. Doitsu ni Ujerumani, katsu ni kushinda, omowanakatta ni sikudhani. Ukibadilisha hapo katikati una sentensi mpya kila siku.

Na ya nne, masaka ikiwa na "no" mbele ya jina, utaiona sana kwenye vichwa vya habari. Masaka no gyakuten, kupindua matokeo ambako hakuna aliyetegemea. Kuna pia masaka no toki, maana yake siku ya shida, siku ile usiyoiombea, watu wanaweka akiba kwa ajili ya masaka no toki. Kuna na methali wanaitumia, masaka no toki no tomo koso shin no tomo, ambayo mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaijua: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Sasa niseme jambo moja kabla hujaenda kujitapa. Masaka peke yake, ile ya kutamka neno moja na kunyamaza, kwenye maongezi ya kawaida ya vijana haisikiki mara nyingi kama kwenye katuni. Ina harufu ya maigizo kidogo. Mtaani mshangao wa haraka unabebwa na maneno mengine, na hapo ndo Mswahili anaanza kucheka maana karibu kila neno lina maana nyingine kwetu.

La kwanza ni "uso". Kwetu uso ni huu unaouosha asubuhi, kwao ni uongo. Ukimpa rafiki habari kali anasema Uso!, na hajakutukana, ni sawasawa na mtu wa Dar anavyosema "we muongo!" huku macho yanang'aa anataka umalizie. Sauti inaanza juu U afu so inashuka, na kwasababu ni silabi mbili mkazo wetu unaangukia palepale, so hili unalipata bure. Likivutwa linakuwa ussoo! hapo s inashikwa kidogo kabla ya kuachiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wasichana wa Kijapani walikuwa wanataniwa kwamba wana maneno matatu tu, uso, hontoo na kawaii, ukiwaambia chochote wanazungusha hayo hayo. Ila angalia hapa: ukiongeza mkia likawa usotsuki, hapo umemwita mtu muongo kweli na sio mshangao tena.

La pili "maji". Hapa ndo burudani. Maji kwa Kijapani ni "serious", linahusishwa na majime, neno la mtu makini asiye na mzaha. Maji? unauliza, kweli hiyo? Maji de? ni ileile na mkia. Maji ka... kwa sauti ya kushuka ni ya mtu aliyekubali yaishe, kaambiwa treni ya mwisho imeondoka, hana la kufanya, maji ka. Na ukimuuliza mtu maji? akitaka kukuthibitishia anakujibu maji maji. Mtanzania akisikia hivyo kwa mara ya kwanza akili inakimbilia Kinjekitile na vita vya 1905 mpaka 1907, wakati mwenzie anamaanisha tu "kweli tena, sikutanii". Ukiwa na rafiki wa Kijapani mweleze hii, anaweza kukwambia uso! hapohapo na utakuwa umefundishwa maneno mawili kwa mpigo.

La tatu ni la kuwa makini, "hee". Sisi hee! yetu ni kali, inatoka ghafla, mama anamwona mtoto kapaka ukuta wote tope: Hee! Yao ni taratibu, inavutwa, heeee, na maana yake sio mshtuko, ni kumbe. Mtu anakueleza kitu ulikuwa hukijui, kumbe mlima ule unawaka, kumbe samaki yule anageuka jinsia, wewe unasema heeee huku unatikisa kichwa. Fuji TV walikuwa na kipindi kilichoanza 2002 ambapo watu watano walikaa na vitufe mbele yao, wanaletewa vijambo vidogo vya ajabu, ukivutiwa unabonyeza na kitufe chenyewe kinasema hee, kila mtu mwisho mara 20, so jambo tamu kuliko yote lingepata hee 100. Hebu fikiria taifa linapima maarifa kwa kipimo cha kumbe. Sasa ukitoa hee yako ya Kiswahili, ile ya mshtuko, mahali panapotakiwa ya kwao, utamshtua mzungumzaji badala ya kumtia moyo aendelee. Na kumtia moyo ndo kazi yake kubwa, Mjapani anapoongea anategemea msikilizaji atoe visauti katikati, ukikaa kimya kabisa kwa heshima ya kwenu yeye anaona humsikilizi.

Kabla ya yote hayo lakini kuna sauti moja fupi, "e?" Ukikaa na Wajapani nusu saa tu utaisikia kuliko neno lolote. Fupi na kupanda, e?, ni eti? umesemaje? Ndefu na kupanda, eeee?, ni mshangao mzima, mara nyingi na malalamiko ndani yake. Watu wanaichanganya na hayo mengine: e, uso! au e, maji de? Ukitaka usikike wa asili anza na hiyo e afu ndo neno, ukirukia neno moja kwa moja unasikika kama unasoma kitabu.

Bikkuri pia uijue. Hii ni ya mwili kushtuka, mtu kakutokea nyuma ya mlango, bikkuri shita! umenishtua. Hapa kuna mitego miwili. Hizo k mbili zinahesabika, unashika pumzi kidogo katikati, bi-k-ku-ri, mapigo manne. Na shita ile i inamezwa, inasikika shta. Hata ile alama ya mshangao (!) kwa lugha ya kawaida wanaiita bikkuri maaku, na ukiendesha gari Japani ukakuta kibao cha njano chenye hiyo alama peke yake ujue mbele kuna hatari ambayo haina kibao chake maalum.

Hayo mapigo nayo yasikutishe. Chukua hontoo, maana yake kweli. Ni ho-n-to-o, manne, ile n inasimama peke yake kama m yetu kwenye mtu au mtoto, wewe tayari unaijua ila hujawahi kuifikiria. Kwa haraka watu wanasema honto? wanakata mwisho, yanabaki matatu. Piga makofi huku unatamka, kofi moja kila pigo, mpaka honto na hontoo zitofautiane bila kufikiri.

Shinjirarenai na arienai nitazipitia mbio. Ya kwanza ni "haiaminiki" na imejengwa karibu kama yetu, sisi tunachomeka -ik- ndani ya amini wao wanachomeka -rare- ndani ya shinjiru, afu kukana kwao kunakuja mwishoni, -nai. Ya pili ni "haiwezi kuwepo", na vijana wanaitumia zaidi wakikasirika, mtu kakuacha kwenye mataa saa zima: arienai. R ya Kijapani ni kuigusa tu mara moja na ncha ya ulimi, usiiviringishe.

Na "nani"? Kila mtu anaijua nani!? ya anime. Kwetu nani ni mtu, kwao nani ni kitu, yani "nini". Ile ya kufoka nani!? na macho mekundu waachie wahusika wa katuni, ukimfokea hivyo muuza duka utaonekana unatafuta ugomvi.

Haya, sasa sehemu ambayo inaweza kukuharibia kazi. Maneno yote niliyoyapanga hapo juu, uso, maji, honto, ni ya marafiki, wadogo zako, watu wa rika lako. Kwa bosi, mteja, mwalimu, mama mkwe, hapana. Na usidhani utayavalisha tai kwa kuongeza desu ka mwishoni, "uso desu ka" haiwi mshangao wa heshima, inakuwa unamuuliza mkubwa wako kama anachosema ni uongo. Maji desu ka ipo na watu wanaisema, lakini kwa mkubwa aliyekuzoea, wa kazini mnaocheka nae, sio kwa mteja wa siku ya kwanza.

Cha salama ni hontoo desu ka (ile u ya desu nayo inamezwa, des ka). Salama zaidi ni soo nan desu ka, kumbe ndivyo, maana hontoo desu ka ukiikaza vibaya inaweza kusikika kama una wasiwasi na anachokuambia, lakini soo nan desu ka haina shaka ndani yake. Ukiwa unapokea maelezo kazini kuna soo deshita ka, ya kutulia zaidi. Na kama umeshtuka kweli na unamwambia mkubwa, bikkuri shimashita inatosha, kwenye barua au hotuba ndo unaleta odorokimashita.

Msiba nao una utaratibu wake. Mtu akikwambia kafiwa usitoe uso! wala maji? hata kama ni rafiki, najua kwetu mtu anaweza kusema "acha bana!" kwa uchungu na akaeleweka ila kwa lugha ya kujifunza usibahatishe. Sema soo deshita ka kwa sauti ya chini, afu goshuushoo-sama desu, ambayo ndo pole ya msiba, haibadiliki, iga ilivyo.

Kama unaongoza watalii Zanzibar au Serengeti na una wageni wa Kijapani, masikio yako ndo yatafanya kazi kubwa kuliko mdomo. Hee nyingi maana yake maelezo yako yanawaingia endelea. E? fupi maana yake hawajakusikia, rudia. Eeee? ndefu baada ya kutaja bei, hapo unajua mwenyewe.

Mwisho ni kuandika, maana siku hizi mshangao mwingi uko kwenye chati. Weka kibodi ya Kijapani kwenye simu, andika masaka kwa herufi hizi zetu na yenyewe inakugeuzia まさか, herufi tatu, ma, sa, ka, na kwa kawaida linaachwa hivyohivyo kwa hiragana, zile herufi zao za mviringo, so unaweza kujifunza kuliandika kwa mkono leo leo. Uso na maji utayaona sana kwa katakana, ウソ, マジ, zile herufi za pembepembe, inapa neno ukali kidogo. Kwa bikkuri andika k mbili kama kawaida, kibodi itaweka っ ndogo katikati, びっくり, hiyo ndogo ndo alama ya kushika pumzi. Na ile eeee ya kuvuta ni え tu, gonga nyingi kadri ulivyoshangaa.